Tangazo linaomba lisansi, kontra haisemi klase

Wandugu wa promosio zote, tangazo lile limerudi tena. Kila mwaka linarudi na sura ileile: "Tunatafuta ba ankodere 4, Likasi. Awe na lisansi au gradua, uzoefu wa miaka 3, ajue Excel, awe na ordinatere yake, aweze kutumika chini ya presha." Mshahara haukuandikwa. Klase haikuandikwa. Kazi yenyewe imeelezwa kwa maneno mawili: kuingiza data. Na sisi tumejibu sawa vile tunajibu siku zote. Nusu wanauliza dosie inapelekwa wapi, nusu wanalia: lisansie anapiga klavye, inchi imekufa.

Mimi siko pamoja na hao wa pili. Nimeifanya kazi hiyo, siisemi kutoka mbali. Kuingiza data si kazi ya haya. Ubaya uko ndani ya tangazo lenyewe, na ninaomba tulisome sawa vile mwalimu anasoma kazi ya mwanafunzi, kalamu nyekundu mkononi.

Neno la kwanza: lisansi. Lisansi gani? Tangu mwaka wa masomo 2021-2022 LMD ilienezwa kwa vyuo vyetu vyote, na lisansi ya LMD ni miaka 3. Ya kwetu ya zamani ilikuwa 3 ya gradua na 2 juu yake, jumla 5. Kwa hiyo mwenye kuandika "lisansi au gradua" leo anaomba vitu viwili vyenye miaka sawa, ao vyenye tofauti ya miaka 2, kufuatana na siku uliyomaliza. Hajui anachoomba. Ameiga tangazo la mwaka jana, na lile liliiga la mwaka uliotangulia.

Sasa, kazi yenyewe iko ya kiwango gani? Shirika la Kazi la Kimataifa limepanga kazi zote za dunia kwa namba, mpango wa sasa ni wa 2008. Makarani wa kuingiza data wako namba 4132, ndani ya kundi la 4, la kazi za biro. Ujuzi umepangwa kwa ngazi 4, na wao wako ngazi ya 2, yaani masomo ya sekondari. Kwa lugha yetu: D6. Hata kazi ya kusoma karatasi na kuzipa kodi iko na namba yake pembeni, 4413. Na mshauri wa kilimo, mtu kama mimi? 2132, ngazi ya 4. Angalieni vizuri: 2132 na 4132. Kidole kikiteleza kwa tarakimu moja tu, agronome anakuwa ankodere. Wengi wetu hapa tunaishi ndani ya kosa hilo la kidole.

Kwa hiyo tangazo linaomba ngazi ya 4 kwa kazi ya ngazi ya 2. Nani anapoteza? Tunapenda kusema ni sisi. Lakini kule Kikula na Panda kuna ba D6 wa komersiale wanaoandika kwa vidole 10 bila kuangalia klavye. Mimi naandika kwa 4. Tangazo limewafungia mlango kabla hawajagonga, halafu sisi tunaingia na kukubali mshahara ambao wao wangepewa. Tunawanyang'anya kazi, kisha tunalalamika kwamba kazi ni ndogo. Hili hatulisemi kwa mikutano yetu.

Tabia hii ina mzazi. Serikali inapanga watu wake kufuatana na diploma: D6 anaingia kama ajan, lisansie anaingia kama atashe, kila mtu anajua. Miradi na kampuni zimechukua nusu ya kwanza, kuomba diploma, wakaacha nusu ya pili, kutoa grade yake.

Lakini kuna upande mwingine, na nitaueleza kwa mfano wa shamba, ndio ninaoujua. Nilitumika miezi kadhaa kwa mradi mmoja, jina libaki, kuingiza fishi za mavuno ya mahindi. Fishi moja ilisema: shamba 50 kwa 50, mifuko 12. Aliyeenda mashambani hakuandika kipimo. Mwenzangu, D6, mkono wa mbio kuliko wangu, akaweka 50 ndani ya kolone ya hektari. Hakukosea kunakili, 50 ilikuwa imeandikwa. Mimi nilisimama hapo. Mifuko 12 ya kilo 50 ni kilo 600. Kwa hektari 50, ni kilo 12 kwa kila hektari, wakati mbegu peke yake ya kupanda hektari moja inafika kilo 20 na zaidi. Mkulima huyo angevuna pungufu kuliko mbegu aliyoitia chini! Kumbe ilikuwa metre 50 kwa metre 50, robo ya hektari, yaani tani 2,4 kwa hektari: shamba la mtu aliyepata mbolea kidogo. Nikaipeleka fishi kwa shefu. Jibu lake: "Weye ingiza tu, enjeniere."

Jina lilikuwa moja, kazi zilikuwa mbili. Kunakili, D6 anakufanya vizuri kutupita. Kusimama mbele ya namba na kusema "hii haiwezekani" ni kazi nyingine, hiyo njo inahitaji mtu wa kilimo, na mshahara wake. Mradi ule ulinunua ya pili kwa bei ya kwanza, kisha ukakataa kuitumia. Fishi ngapi kama ile zilipita, sijui.

Na msidhani ni mambo ya mahindi tu. Tangu Januari 2023, CENI ilipoandikisha wachaguzi huku kwetu, majina yetu yalipita mikononi mwa ba operatere. Karti ya mchaguzi ndiyo wengi wetu tunaonyesha kama kitambulisho, ya taifa hatuna. Herufi moja ikikosewa, inakufuata mpaka benki. Anayesema kazi hiyo ni ya bure, aende kwanza kutafuta masahihisho.

Sheria inasema nini? Kode ya kazi ya tarehe 16 Oktoba 2002 haikutuacha mikono mitupu. Wafanyakazi wanapangwa kwa klase: manevre wa kawaida, kupita mwenye ujuzi nusu, mwenye ujuzi, mwenye ujuzi wa juu, halafu metrizi, mpaka kadre. Ile SMIG iliyopandishwa mwaka 2025 toka 7.075 mpaka 14.500 franka kwa siku ni ya manevre wa kawaida. Kila klase ya juu inatakiwa kupanda. Ndiyo sababu klase haiandikwi. Pasipo klase, huna kitu cha kudai. Muulizeni mzee yeyote wa Gécamines klase yake, atawatajia bila kufikiri.

Tena, ukichukuliwa siku kwa siku na umetimiza siku 22 ndani ya miezi 2, wakikuchukua tena kabla miezi hiyo haijaisha, kontra inahesabiwa kuwa ya muda usio na mwisho. Ni ba ankodere wangapi wamehesabu siku zao? Mimi sikuhesabu. Nilijua kuhesabu mahindi.

Mwenye kuajiri atasema: dosie zinakuja 300, lisansi inanisaidia kupunguza rundo. Namuelewa. Lakini apunguze kwa kazi yenyewe: aweke mezani fishi 20, 5 kati yake zenye makosa, nusu saa. Atakayemaliza zote safi ni ankodere. Atakayeshika yale makosa 5 na kueleza sababu, amuite mkaguzi wa data na amlipe hivyo, awe D6 ao lisansie.

Juzi niliandikia namba iliyo chini ya tangazo. Niliuliza kitu kimoja: klase gani? Wameisoma, alama mbili za buluu zinaonekana. Dosie zinapokelewa mpaka Ijumaa.