Kabila si Kundi la Uzazi: Istilahi za Jenetiki Katika Mizani ya Tabora

Taaluma ya jenetiki imekwisha kuingia katika madarasa, zahanati na ofisi zetu, na wafasiri wameipatia maneno mengi ya Kiswahili. Baadhi yamekaa vizuri. Neno jeni, mathalani, limetoholewa na kuzoeleka, na hapana sababu ya kulibadili. Lakini lipo tawi la taaluma hiyo linalochunguza jinsi urithi wa watu wengi kwa pamoja unavyobadilika kizazi hadi kizazi, na istilahi za tawi hilo bado zinayumba. Dhana yake ya kwanza aghalabu hufasiriwa kwa maneno mawili yasiyofaa: idadi ya watu na kabila. Makala haya yanakusudia kuyapima maneno hayo, pamoja na mengine matatu yanayoandamana nayo, kwa historia ya Tabora na njia ya zamani ya misafara. Tumeichagua Tabora kwa sababu huko istilahi mbovu hudhihirika upesi.

Dhana yenyewe ni hii: watu wa mahali na wakati fulani, ambao kwa kawaida huzaana wao kwa wao zaidi kuliko wanavyozaana na watu wa mbali. Mtaalamu hupima jeni ya namna fulani inapatikana kwao kwa kiasi gani, kisha hutazama kiasi hicho kinavyopanda au kushuka.

Tuanze na idadi ya watu. Sensa ya mwaka 2022 ilihesabu watu 61,741,120 nchini Tanzania. Hiyo ndiyo idadi. Idadi huongezeka na hupungua, lakini haizai wala hairithi. Mwanafunzi anayesoma juu ya “mageuko ya idadi ya watu” atafikiri anafundishwa habari za ongezeko la watu, na hatakuwa na kosa. Kosa ni la mfasiri.

Neno kabila lina hatari kubwa zaidi, maana linaeleweka upesi na kueleweka visivyo. Kwa maelezo yaliyozoeleka, jina Wanyamwezi lilitoka kwa watu wa pwani, waliowaita hivyo wenyeji wa upande wa magharibi, unakoandama mwezi. Wenyeji wenyewe waliwaita jirani zao wa kaskazini Wasukuma na wa kusini Wadakama, kwa kuwa sukuma ni kaskazini na dakama ni kusini. Majina haya hutaja upande wa dunia. Hayasemi nani alizaliwa na nani.

Tena tuutazame mji wenyewe. Burton na Speke walipofika Kazeh, Novemba 1857, walikuta wafanyabiashara Waarabu kutoka Oman wamekwisha kujenga, wakiishi pamoja na watu wa pwani, wenyeji na watumwa. Wapagazi wa Unyamwezi walikwenda Bagamoyo na kurudi. Upande wa pili njia ilifika Ujiji, ikavuka Ziwa Tanganyika hadi Manyema, na kutoka huko wakaletwa watu, wengi wao mateka, ambao uzao wao umeenea Ujiji na Tabora. Mirambo, aliyefariki mwaka 1884, alikusanya rugaruga wa asili mbalimbali. Katika mazingira hayo mtu aliweza kupata jina jipya la kabila kwa malezi, kwa lugha, kwa dini au kwa kutafuta ulinzi. Jeni hazipatikani kwa njia hizo. Mtu huzipata kwa mama na baba tu. Basi anayeandika kabila mahali pa dhana yetu huwafunga pamoja watu ambao uzazi haukuwafunga, na kuwatenga wale ambao uzazi uliwaunganisha.

Kwa maoni yetu, kundi la uzazi lafaa zaidi. Neno kundi halidai asili moja, na mtafiti hulazimika kueleza ni kundi gani, la wapi na la lini.

Neno la tatu ni mtiririko wa jeni, yaani kuingia kwa jeni za kundi moja katika kundi jingine kwa njia ya uzazi. Maji hutiririka upande mmoja, hali misafara ilikwenda na kurudi. Hata hivyo istilahi hii imekwisha kuenea, nasi twashauri ibaki, mradi ifafanuliwe kuwa mwendo huo waweza kuwa wa pande zote mbili. Lakini mfasiri asiongeze kwamba makabila “yalioana”. Katika njia ya watumwa si kila mama aliolewa kwa hiari yake, na sayansi haina ushahidi wa kulifunika jambo hilo kwa neno la harusi.

Neno la nne ni damu. Katika mazungumzo ya ukoo, kusema “damu yetu” ni lugha nzuri. Katika kitabu cha tiba ni upotoshaji: aliyeongezewa damu hospitalini hakurithi chochote kwa aliyemtolea.

La tano ni maendeleo, linalotumiwa na wengine mahali pa mageuko. Ubaya wake waonekana kaskazini ya Tabora, ng’ambo ya Usukuma, katika wilaya ya Musoma. Anthony Allison, daktari aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba mwenye jeni moja ya selimundu hupata kinga dhidi ya malaria. Takwimu zake za Musoma zilitolewa mwaka 1956. Miongoni mwa watoto wachanga 287, wenye jeni moja walikuwa 89, na wenye jeni mbili, ambao ndio wagonjwa, walikuwa 9. Miongoni mwa watu wazima 654, hesabu hizo zilikuwa 249 na 5. Yaani wenye jeni moja walikuwa 31 katika kila mia ya watoto, na 38 katika kila mia ya wazima. Wagonjwa walipungua kutoka watatu hadi chini ya mmoja. Huo ni uteuzi asilia, nao hufanywa kwa vifo. Pasipo malaria kinga hiyo haina kazi, na ugonjwa hubaki. Nani atayaita hayo maendeleo?

Mfano huo waonyesha pia kwa nini suala hili si la wanaisimu peke yao. Jeni ya selimundu hufuata historia ya malaria na ya uzazi, wala haiulizi kabila. Mwongozo wa afya ukiandika kuwa huu ni ugonjwa wa kabila fulani, mzazi wa kabila jingine hatampeleka mtoto kupimwa, na aliyetajwa atabeba aibu isiyo yake.

Kwa hiyo twapendekeza: idadi ya watu libaki kwa hesabu, kabila kwa jina ambalo watu hujiita au huitwa, kundi la uzazi kwa dhana ya jenetiki, mageuko kwa mabadiliko ya urithi, mema au mabaya. Wafasiri na walimu wayajaribu maneno haya katika sentensi za kazi zao. Litakaloshindwa kusema kweli juu ya watu wa Tabora, na litupwe.