Kutu ya Batini: Namna ya Kulikagua Gari Kuukuu la Ahali
Aghlabu mtu anunuapo gari lililokwisha kutumika, hasa akiwa ni baba wa watoto na fedha yake ni ya kuhesabu, huitazama rangi, kisha akafungua mlango akavikagua viti, akawasha injini akaisikiliza, na moyo wake ukiridhika kwa hayo matatu huona kazi imekwisha. Ilhali mambo yatakayoamua usalama wa watoto wake siku ya ajali hayamo katika rangi wala viti, bali yamo chini, mahali ambapo wauzaji wengi hawapendi papigiwe magoti.

Katika miji yetu ya pwani, tangu Lamu hadi Mtwara, sababu za kutu ni mbili zinazokutana: hewa ya bahari ichukuayo chumvi, na asili ya magari yenyewe, kwani mengi yametumika kwanza Japani, na huko Hokkaido na pande nyingine za baridi barabara humwagiwa chumvi ili theluji na barafu ziyeyuke. Chumvi ile hurushwa na magurudumu ikaganda uvunguni, na gari likafika bandarini limeng'arishwa juu tu. Kwa hiyo mwenye kuagiza na aidai karatasi ya mnada wa huko Japani gari liliponunuliwa: humo herufi S ni kutu, na C ni kutu iliyokwisha kula chuma.

Tofauti hiyo ndiyo msingi wa maarifa haya yote. Wekundu uliotandaa juu ya ekseli au bomba la moshi, ambao ukisuguliwa kwa brashi ya waya huacha chuma kizima, si aibu kwa gari la miaka 15, na mwenye kulikataa gari zuri kwa ajili yake hujidhulumu. Kutu ya kula huanzia ndani, mahali maji yaingiapo yasipate njia ya kutoka. Na kwa kuwa kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa, huisukuma rangi kutoka nyuma hata ikatoa malengelenge, na lengelenge dogo kwa nje huweza kuficha tundu lipitalo kidole.

Pa kuanzia ni kizingiti cha chini ya milango, maana ndicho kishikacho mbele na nyuma ya gari. Lala chini na tochi, ukigonge kwa mpini wa bisibisi polepole toka gurudumu la mbele hadi la nyuma, kama mnunuzi wa nazi aigongavyo kwa ukucha: chuma kizima hulia wazi, na palipojazwa fila, yaani lipu ya kuzibia bati, hujibu kwa sauti nzito. Sumaku ndogo iliyofungwa katika kitambaa laini itakuthibitishia, kwani juu ya fila nene haishiki. Kisha, kwa idhini ya mwenyewe, sukuma ncha ya bisibisi pale jeki iwekwapo. Ikizama, au yakianguka magamba ya kahawia tabaka juu ya tabaka, mazungumzo ya bei yamekwisha. Na ukikuta uvungu wote umepakwa lami mpya, hata juu ya bolti na mabomba, zidisha hadhari.

Inua zulia upapase unyevu. Toa tairi la akiba utazame shimo lake. Vuta mikanda ya viti kwa ghafula, ukague na bati zilipofungwa bolti zake, kwani mkanda mzuri uliofungwa katika bati bovu haumzuii mtu.

Walakini kwangu mimi hakuna kutu ya kuogopwa kuliko ya mabomba membamba ya breki, hasa yapitapo juu ya ekseli ya nyuma, mahali tope hukaa na jicho halifiki. Bomba lile huweza kustahimili miaka mingi mguu unapokanyaga kwa upole, kisha likapasuka siku ile dereva akanyagapo kwa nguvu zake zote, yaani siku ya haja, breki zikabaki nusu. Washa injini, kanyaga kwa nguvu, ushikilie dakika nzima: pedali ikizidi kuzama, pana uvujaji au pampu kuu imechoka, na gari lisiendeshwe hata hadi gereji.

Mifuko ya hewa nayo ina khatari isiyoonekana. Vifaa vya kuijaza gesi vilivyotengenezwa na kampuni ya Takata, vilivyofungwa katika magari ya Toyota, Honda, Mazda na mengineyo, viliitwa virudishwe kwa mamilioni, kwa kuwa kemikali yake huharibika kwa joto na unyevu wa miaka mingi, hata mfuko ukifyatuka hurusha vipande vya chuma. Joto na unyevu ndiyo hali ya pwani yetu. Basi chukua namba ya chasi, ukaulize kwa wakala wa mtengenezaji kama kifaa kile kimekwisha kubadilishwa.

Kizingiti kilichooza huweza kutengenezwa na fundi bodi mwema, mradi akate hadi chuma kizima ndipo achomelee bati jipya. Bati lililobandikwa juu ya bovu ni ghashi, na ukingo wake hutambulikana kwa kidole. Bali gari lililooza pale ekseli au usukani uliposhikizwa, hata injini yake ikiwa tamu namna gani, mwachie mwenyewe.