Moshi Aliouona Wegener

Chukua ramani ya dunia, uitandaze mezani, uitazame Bahari ya Atlantiki. Pwani ya mashariki ya Brazil imejitokeza kama bega. Ng'ambo ya pili, pwani ya Afrika imeingia ndani katika Ghuba ya Guinea, kana kwamba imekatwa kwa kipimo cha bega hilo. Kila mwaka nifundishapo somo la ramani, hakosi mwanafunzi mmoja kuinua mkono na kuuliza kama nchi hizi ziliwahi kuungana. Huuliza kwa haya, akidhani kuwa swali lake ni la kitoto. Kumbe swali hilo hilo ndilo lililozaa kitabu ninachotaka tukihakiki hapa. Kitabu kilichodharauliwa na wataalamu wengi kwa muda wa miaka hamsini hivi, kisha dunia ikakirudia.

Kitabu hicho kinahusu asili ya mabara na bahari. Mwandishi wake ni Alfred Wegener, Mjerumani aliyezaliwa Berlin mwaka 1880. Hakuwa mtaalamu wa mawe. Elimu yake ilikuwa ya nyota na ya hali ya hewa. Alitoa wazo lake hadharani kwa mara ya kwanza mjini Frankfurt, Januari 1912. Vita Vikuu vya Kwanza vilipozuka alijeruhiwa, na katika siku za kuuguza majeraha yake akaandika kitabu, kikapigwa chapa mwaka 1915. Baadaye alikisahihisha na kukiongeza mara tatu, na chapa ya nne ilitoka mwaka 1929. Dai lake ni moja: kwamba hapo kale mabara yote yalikuwa nchi moja, kisha yakapasuka na kuachana polepole.

Yafaa kwanza tumsifu mwandishi panapostahili sifa. Hakuridhika na umbo la pwani peke yake, kwani vitu viwili huweza kufanana kwa bahati tu. Aliwaita mashahidi kutoka elimu mbalimbali. Shahidi mmoja ni Mesosaurus, mtambaazi mdogo aliyeishi zamani sana, ambaye mifupa yake iliyogeuka mawe imeonekana Amerika ya Kusini na kusini mwa Afrika. Mnyama kama huyo hawezi kudhaniwa kuwa aliogelea kuivuka Atlantiki. Shahidi wa pili ni mmea uitwao Glossopteris, ambao majani yake yamehifadhiwa katika mawe ya Amerika ya Kusini, Afrika, Bara Hindi na Australia. Shahidi wa tatu ni barafu. Katika nchi hizo hizo kuna miamba iliyokwaruzwa na barafu kubwa yapata miaka milioni 300 iliyopita, nyingine ikiwa katika sehemu ambazo leo zina joto kali. Ukiyaunganisha mabara hayo karibu na ncha ya kusini ya dunia, fumbo hilo hufumbuka.

Wegener alitoa mfano mzuri ambao kila msomaji ataufahamu. Ukichukua vipande vya gazeti lililoraruliwa, ukavilinganisha kingo zake, ukaona kwamba hata mistari ya maandishi yapita sawasawa kutoka kipande hiki hadi kile, utasema nini? Huna budi kukiri kuwa vilikuwa karatasi moja. Mistari hiyo ni milima na matabaka ya mawe, ambayo yakatika upande huu wa bahari na kuendelea upande wa pili.

Wapinzani wake nao walikuwa na jibu. Walisema kwamba zamani palikuwa na madaraja ya nchi kavu yaliyopita juu ya bahari, wanyama wakavuka, kisha madaraja yakazama. Hapa Wegener aliwashika barabara. Alionyesha kwamba mabara yameumbwa kwa mawe mepesi kuliko mawe ya sakafu ya bahari, nayo yaelea juu ya mawe mazito yaliyo chini yake mfano wa gogo majini. Gogo haliwezi kuzama kwa sababu tu tumechoka kulitazama. Kwa maoni yangu sehemu hiyo ndiyo bora kuliko zote katika kitabu.

Lakini mhakiki asiyetaja kasoro si mhakiki, ni mpambe. Kasoro za kitabu hiki zilikuwa kubwa. Ya kwanza ni sababu. Ni nguvu gani iwezayo kulisogeza bara zima? Wegener alitaja mbili: moja itokanayo na mzunguko wa dunia, isukumayo mabara kuelekea ikweta, na nyingine itokanayo na mvuto wa mwezi na jua, ule uletao maji kujaa na kupwa. Harold Jeffreys, mtaalamu wa Uingereza, alipiga hesabu akaonyesha kwamba nguvu hizo ni dhaifu mno kwa kazi hiyo. Tena, mwamba wa sakafu ya bahari ni mgumu. Bara haliwezi kuupasua kama jahazi lipasuavyo maji. Kasoro ya pili ni vipimo. Wegener aliamini kuwa Greenland yasogea mita nyingi kila mwaka. Vipimo vya leo vyaonyesha kwamba Greenland na Ulaya zaachana kwa sentimita 2 hivi tu. Alikosea mamia ya mara.

Basi, Jeffreys alikuwa na haki? Ndiyo, na siyo. Hapa ndipo penye kiini cha uhakiki wangu. Wahenga walisema, pafukapo moshi hapakosi moto. Wegener aliuona moshi, akaueleza vema, kisha akaonyesha mahali pasipo na moto. Wakosoaji wake wakaenda mahali hapo, wakakuta majivu baridi, wakarudi wakisema hata moshi haukuwapo! Hesabu za Jeffreys zilikuwa sahihi, lakini zilithibitisha jambo moja tu: kwamba sababu aliyoitaja Wegener haifai. Hazikuthibitisha kwamba mabara hayakusogea. Mesosaurus alibaki palepale mweneo, na mikwaruzo ya barafu haikufutika.

Tena Wegener mwenyewe hakuficha udhaifu wake. Katika chapa ya mwisho alikiri kwamba mtu atakayeeleza nguvu hizo, kama Newton alivyoeleza mwendo wa sayari, alikuwa bado hajatokea. Kumbuka, msomaji, kwamba Kepler alijua jinsi sayari ziendavyo kabla Newton hajaeleza kwa nini zaenda hivyo. Hata hivyo wengi hawakumsikiliza. Wanajiolojia walipokutana New York mwaka 1926 kuijadili nadharia hiyo, wasemaji kadhaa waliishambulia vikali.

Tusiseme wote walimwacha. Alexander du Toit wa Afrika ya Kusini alikwenda Amerika ya Kusini mwaka 1923, akayalinganisha mawe ya huko na ya kwao, na mwaka 1937 akatoa kitabu cha kumtetea Wegener. Arthur Holmes, Mwingereza aliyewahi kuchunguza mawe Msumbiji katika ujana wake, alisema kwamba joto lililomo ndani ya dunia laweza kuufanya mwamba wa chini uzunguke polepole mno, kama uji mzito uchemkao, na kuyachukua mabara. Huo ulikuwa mwelekeo wa moto wenyewe. Lakini ushahidi ulikuwa bado umefichwa chini ya bahari.

Ushahidi huo ulipatikana baada ya Vita vya Pili. Huko Marekani, mwaka 1952, Marie Tharp alikuwa akichora ramani ya sakafu ya Atlantiki kwa kutumia vipimo vya kina. Akaona kwamba ule mgongo wa milima upitao katikati ya bahari una bonde katikati yake. Mwenzake Bruce Heezen alilikataa wazo hilo mwanzoni. Walipozilinganisha ramani hizo na mahali matetemeko ya ardhi yatokeapo, waliona kuwa matetemeko yalifuata bonde hilo, nalo lilifanana na Bonde letu la Ufa la Afrika Mashariki. Mwaka 1962 Harry Hess alieleza kwamba sakafu mpya huzaliwa katika migongo hiyo, ikaenea pande zote mbili, ikazama tena katika mashimo marefu ya bahari. Mwaka 1963 Vine na Matthews walionyesha jinsi alama za sumaku zilizo katika mawe ya pande hizo mbili ziwezavyo kuthibitisha jambo hilo. Kufikia mwaka 1968 wataalamu walikuwa wakisema habari za mabamba makubwa yaliyolifunika tufe la dunia, kila moja likienda njia yake.

Basi bara halipasui sakafu ya bahari kama jahazi. Hubebwa pamoja nayo kama abiria. Wegener hakulijua hilo. Tarehe 1 Novemba 1930, siku alipotimiza miaka hamsini, aliondoka katika kituo kilichokuwa katikati ya barafu ya Greenland pamoja na Rasmus Villumsen, kijana wa nchi hiyo. Hawakufika pwani. Maiti ya Wegener ilionekana mwaka uliofuata. Ya Villumsen haikuonekana kamwe.

Siku utakaposimama juu ya ukingo wa Bonde la Ufa, ukautazama mlima Longonot chini yako, fahamu kwamba pande mbili za bonde hilo zaachana hata leo, milimita chache kila mwaka. Wegener alilitaja katika kitabu chake kuwa mfano wa bara linaloanza kupasuka, na katika hilo alisema kweli. Nawe usomapo kitabu chochote chenye dai jipya, jiulize maswali mawili, usiyachanganye: je, jambo hili limetukia? Na je, sababu iliyotajwa yatosha? Mwandishi aliyeshindwa swali la pili huenda amelishinda la kwanza. Mpe alama zake.