Friwili ya Baba: kusoma vitabu vya baiskeli nikiwa Sibwesa

"Mwanangu, umetoa hela kuondoa kitu ambacho baba yako alitoa hela kukiweka."

Baba mdogo alisema hivyo wakati fundi anazima mashine yake ya kuchomelea, halafu akachukua kofia yake akaenda zake kunywa kahawa. Mwaka huu nimesoma maandishi matatu yanayosifiwa sana kuhusu baiskeli, na bado sijakutana humo na sentensi iliyonikaa kichwani kama hiyo. Makala haya ni jaribio langu la kumjibu, maana siku ile sikuwa na jibu.

Nianze na baiskeli yenyewe. Ni Phoenix nyeusi ya marehemu baba. Fremu ya chuma yenye bomba la juu, ringi za inchi 28, breki za vyuma badala ya nyaya, keria pana nyuma. Sibwesa ni kata ya wilaya ya Tanganyika, mkoani Katavi, na aliyekulia huku anaijua baiskeli ya aina hiyo kwa macho yaliyofumbwa. Ya kwetu imebeba mpunga, mahindi, mabati ya nyumba, watoto watatu kwa mkupuo, na usiku mmoja ilimbeba mama akiwa na uchungu wa kujifungua mdogo wangu. Nilikuja likizo na vitabu kwenye begi, nikaikuta imeegemezwa ukutani, tairi hazina upepo.

Sasa hapo ndipo wazo lilipoingia. Nilikuwa nimemaliza kusoma "Taming the Bicycle", insha ya Mark Twain kuhusu kuifuga baiskeli kama mtu anavyomfuga farasi mkorofi. Twain alijifunza mwaka 1884, lakini insha ilitoka 1917, miaka saba baada ya kifo chake. Watu huisoma kama kichekesho, na kweli inachekesha. Ila kuna kitu msomaji wa leo hakioni: baiskeli ile haikuwa na friwili.

Kwa wasiojua, friwili ni kile kidude chenye meno kwenye gurudumu la nyuma, kinacholia "trrr" ukiacha kupiga pedeli. Ndani yake mna vikucha na springi. Ukisukuma mbele, vikucha vinashika na gurudumu linazunguka. Ukituliza miguu, vinaachia, gurudumu linaendelea peke yake. Baiskeli isiyo na friwili haina ruhusa hiyo. Gurudumu likizunguka, pedeli zinazunguka, na miguu yako pia, utake usitake. Ya Twain ilikuwa ile yenye gurudumu kubwa mbele, inchi 50, na pedeli zimefungwa kwenye gurudumu hilo moja kwa moja, cheni hakuna. Friwili zilianza kuenea mwishoni mwa miaka ya 1890. Leo baiskeli za namna hiyo zimebaki kwenye mashindano ya viwanjani, na kwa vijana wa miji mikubwa ya Ulaya na Marekani wanaozipenda kwa wepesi na urahisi wake.

Nikajiambia: siwezi kuihukumu insha hii vizuri kama sijapanda mnyama mwenyewe. Mhakiki anayesoma kitabu cha mapishi lazima siku moja awashe jiko, au sivyo?

Fundi alinicheka, lakini akafanya. Alifungua friwili ya zamani, akaitoa grisi, akaichomelea ikawa kipande kimoja kisichoachia. Akairudisha kwenye gurudumu, akavuta gurudumu nyuma mpaka cheni ikakaza, akaacha ulegevu kidogo tu. Tukahesabu meno: 44 mbele, 20 nyuma. Yaani pedeli ikizunguka mara moja, gurudumu linazunguka mara mbili na kidogo, na baiskeli inasogea karibu mita 5. Nilitaka kutoa breki, kwa sababu picha nilizoziona huko mitandaoni hazina breki. Fundi akakataa katakata. Alinieleza kwamba friwili imefungwa kwa hesi tu, ukikandamiza pedeli kwa nyuma kwa nguvu inaweza kufunguka, "na hapo dada utasimama kwa kutumia uso." Breki zikabaki zote mbili. Keria na kengele vikabaki. Akanikatia na kipande cha tyubu nifunge suruali, cheni isiile. Simtaji jina lake hapa kwa sababu aliniomba hivyo. Hataki wateja wengine walete friwili za kuchomelea.

Nilianguka siku ya tatu. Kuna mteremko kabla ya kufika nyumbani ambao tangu utotoni tunauserereka, miguu imetulia, upepo usoni. Mwili wangu ulikumbuka raha hiyo kabla kichwa hakijakumbuka friwili. Nikatuliza miguu. Pedeli ilininyanyua kutoka kwenye kiti kama mtu anavyomnyanyua mtoto kwa makwapa, ikanitupa kwenye mahindi ya jirani. Watoto walicheka mpaka wakakaa chini.

Jioni ile nikiwa na goti limevimba, nikairudia insha ya Twain, na ikawa insha nyingine kabisa. Kuna mahali anatania kwamba kushuka kwa hiari ni somo linalokuja baadaye, kwa sababu kule kushuka kwingine mtu hujifunza kwanza. Zamani nilipita hapo nikitabasamu. Sasa nilielewa anasema kitu cha kiufundi: kwenye chombo kinachozungusha miguu yako bila kukuomba, kuondoka juu yake salama ni kazi ngumu kuliko kupanda. Anaeleza pia jinsi akili inavyojua kwamba unapoangukia upande fulani ugeuze gurudumu upande huohuo, wakati mwili mzima unabisha. Ugomvi huo kati ya unachokijua na unachokitenda ndio moyo wa insha. Mzaha ni nguo tu.

Lakini sasa nina lawama. Twain alijifunza siku nane, saa moja na nusu kila siku, jumla saa 12, na mwalimu wa kulipwa anamshikilia. Mwalimu huyo ndiye anayeumia zaidi katika insha, maana kila wakianguka yeye yuko chini. Twain anamwita Mtaalamu, basi. Hana jina, hana kauli ya maana. Kichekesho chote kimejengwa juu ya mgongo wa mtu ambaye mwandishi hakuona haja ya kumuuliza anajisikiaje.

Kitabu cha pili ni "A Wheel Within a Wheel" cha Frances Willard, kilichotoka 1895. Willard alikuwa kiongozi wa chama cha wanawake cha kupinga ulevi Marekani, na alijifunza baiskeli akiwa na miaka 53, mama yake amefariki, afya yake imeyumba. Hiki nacho ni kitabu cha zama za kabla ya friwili kuzoeleka, na ushahidi uko kwenye mpangilio wa masomo yake. Anasema alijifunza kwanza kupiga pedeli, pili kukata kona, tatu kushuka, na nne kupanda. Umeona? Kushuka kunatangulia kupanda. Ilimchukua kama miezi mitatu, kwa wastani wa dakika 15 kwa siku, na anazitaja bila aibu. Kitu hicho Twain hakiwezi, kwa sababu Twain lazima achekeshe, na mchekeshaji hana subira na siku ya arobaini ambayo hakuna kilichotokea.

Udhaifu wake ni mahubiri. Kila pedeli inageuka kuwa hotuba kuhusu maisha, nia na msimamo. Unafika mahali unataka kumwambia, mama, tuache tuendeshe kwanza. Hata hivyo, kati ya vitabu vitatu, ninachokipa mkono ni hiki. Anajua kwamba anayejifunza ukubwani hajifunzi peke yake. Vijana watatu wa Kiingereza walimshikia baiskeli siku ya kwanza, na amewaweka kwenye ukurasa wake.

Cha tatu ni "It's All About the Bike" cha Mwingereza Robert Penn, cha mwaka 2010. Huyu hajifunzi kuendesha, anajenga. Anataka baiskeli ya ndoto yake, kwa hiyo anakifuata kila kipande kinakotengenezwa: fremu Stoke-on-Trent, vipande vingine Italia, Ujerumani na Marekani. Katikati ya safari anasimulia historia, na anaisimulia vizuri. Ukurasa wa kusuka spoku niliusoma nikiwa kwa fundi, nikamtafsiria. Akaacha kazi akasikiliza, akasema, "Huyo kweli kakaa na fundi." Sifa kubwa kuliko hiyo sijui kama inapatikana gazetini.

Ila baiskeli ya Penn haina keria. Nikilisema hilo mbele ya wasomi wenzangu wataniona sina adabu ya uhakiki, lakini nasisitiza. Penn anasafiri nchi kadhaa kutengeneza chombo kitakachombeba yeye na furaha yake. Ni haki yake. Sisi tuliokulia huku baiskeli tunaijua kwa mzigo. Fundi wa hapa akipewa baiskeli mpya toka dukani, jambo la kwanza ni kuiongezea nguvu: keria nzito ya kuchomelea, vyuma vya kuisaidia fremu, spoku nene. Hakuna anayemuuliza mwenye baiskeli ana uzito gani. Wanauliza atabeba magunia mangapi.

Na hapo narudi kwa baba mdogo. Mimi nilidhani anasikitika kwa sababu ya hela. Siku chache baadaye tukiwa barazani akaniuliza, "Unakumbuka tulikuwa tunajuaje baba yako anarudi?"

Nilikumbuka. Tulikuwa tunasikia "trrr" kwenye mteremko uleule ulionitupa. Baba alikuwa amekanyaga kutwa nzima na gunia nyuma, na mteremko ule wa mwisho ndio mahali pekee ambapo miguu yake ilipumzika huku safari inaendelea. Mama akisikia mlio, anaweka maji ya kuoga. Mimi nimeichomelea friwili, na baiskeli sasa inashuka kimya.

Basi jibu langu kwa vitabu hivi ni hili. Twain na Willard waliandika kabla watu wa kawaida hawajaipata friwili, kwa hiyo hawawezi kulaumiwa kwa kutoisifu. Wanaoisifia leo baiskeli isiyo na friwili wanazungumzia kuwa kitu kimoja na chombo, kuhisi barabara miguuni. Nimeonja, ni kweli, kuna raha yake. Asubuhi kwenye njia tambarare nilihisi nimeongezewa mguu wa tatu. Lakini raha hiyo ni ya mtu ambaye hana gunia. Mwenye gunia hahitaji kukumbushwa kwamba barabara ipo. Kitabu ninachokisubiri ni kile kitakachoandika "trrr" kutoka upande wa anayeshuka mteremko jioni, kwa Kiswahili, bila kumfanya shujaa wala kumwonea huruma. Riwaya zetu nilizozisoma hupitisha baiskeli nyuma ya mhusika, kengele inalia, inapotea. Aliyeko juu yake hapewi hata aya.

Kabla sijaondoka nilimsomea baba mdogo sehemu za Twain, natafsiri papo kwa papo. Alicheka kwenye kuanguka, akacheka zaidi kwenye ile sehemu ambapo kila Twain akijaribu kumkwepa mbwa anamgonga. Nilipomaliza akanyamaza kidogo.

"Na yule fundi aliyekuwa anamshikia, aliitwa nani?"

"Hajamtaja, Baba mdogo."

"Hm." Akanyanyuka, akaisukuma baiskeli kuelekea kwa fundi. Friwili mpya ilikuwa mfukoni mwake, imefungwa kwenye gazeti.