Kazi ya Kubandua Pafu

Dawa zinaweza kuua vijidudu vyote vya kifua kikuu na bado zikamwachia mgonjwa pafu lililojaa mashimo na makovu. Wakati mwingine fangasi huota ndani ya shimo, na siku moja mtu anakohoa damu nyingi isiyokoma. Hapo ndipo huitwa bingwa wa upasuaji wa kifua.

Wengi hudhani ugumu uko kwenye kukata, kumbe uko kwenye kubandua. Kwanza daktari wa usingizi hupitisha kooni mpira wenye njia mbili, ili pafu zuri lipumue peke yake na usaha au damu ya upande mbovu isimwagikie huko. Mgonjwa hulazwa kiubavu, kifua kinafunguliwa kati ya mbavu, na hapo ndipo kazi yenyewe inapoanza. Pafu lenye afya huteleza kifuani. Hili limeshika ukuta kama ukoko wa wali kwenye sufuria. Daktari hulibandua taratibu kwa ncha za vidole, akiziba kila kijimshipa kinachovuja. Pasipobanduka, hupita nyuma ya utando wa ukuta wa kifua na kuutoa pamoja na pafu. Saa zinapita, na ukimtazama utadhani hasogei. Kumbe upande wa kushoto, chini ya aorta, unapinda mshipa wa fahamu unaoongoza sauti: akiukata, mgonjwa ataamka sauti imekauka.

Kisha ateri ya pafu, yenye ukuta mwembamba na damu itokayo moja kwa moja moyoni. Makovu yakiwa yameizonga, bingwa hufungua mfuko wa moyo na kuifunga kule ndani, mahali ambapo ugonjwa haujafika. Hatua hii naistahi kuliko zote.

Mrija wa hewa wa pafu hilo hukatwa kikabaki kisiki kifupi, kisha hushonwa. Kifua hujazwa maji ya chumvi, pumzi inasukumwa, na povu likitokea, mshono unarudiwa. Mwishowe kisiki hufunikwa kwa msuli wa kati ya mbavu ulio hai.

Tangu daktari Rudolf Nissen alipotoa pafu zima mjini Berlin mwaka 1931 na mgonjwa akapona, vifaa vimebadilika sana, lakini subira ya vidole ni ileile. Wala kutoa pafu lote siyo sifa. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2016 kuhusu kifua kikuu sugu ulikubali kuondoa sehemu ya pafu, sambamba na dawa. Kwangu mimi, fundi hasa ni yule anayekuta kipande cha chini bado kinapumua, akakiacha. Na mgonjwa wake wa kifua kikuu sugu, hata kidonda kikipona, ataendelea kumeza dawa mpaka amalize dozi.