Kufu na Uungwana: Tukisoma "Desturi za Wasuaheli"

Bismillahir Rahmanir Rahim.

Ndugu msomaji, kitabu "Desturi za Wasuaheli", kilichotolewa na Carl Velten mwaka 1903, sehemu yake kubwa ikiandikwa na Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ni hazina kwa mwenye kutafiti historia ya Mrima wetu, Tanga na Pangani ikiwemo. Kinaeleza habari za mtumwa mgeni, mzalia, suria na aliyeachwa huru, kwa Kiswahili cha wenyewe.

Kasoro tunayoiona ni kwamba habari hizi zimetazamwa kutoka baraza ya muungwana. Aliyeachwa huru hutajwa zaidi kwa bwana wake kuliko kwa mke na wanawe. Tena ada na sharia zimekaa mkeka mmoja, msomaji asijue ipi ni ipi.

Katika sharia, aliyeachwa huru huoa kwa hiari yake, huwa walii wa binti yake, na wanawe humrithi. Walaa humpa aliyemwacha huru haki ya mirathi pale tu asipokuwepo asaba wa nasaba. Haimrudishi mtu utumwani.

Wapo watakaotujibu kwa hoja ya kufu. Hatukatai: "Minhaj" ya Imamu Nawawi, inayosomeshwa pwani yetu, imetaja nasaba na uhuru. Lakini kufu ni haki ya mwanamke na mawalii wake. Wakiridhia kuiacha, ndoa ni sahihi. Na rangi ya ngozi haimo kabisa katika orodha ile. Fatima binti Qays (R.A.), Mkureshi, aliolewa na Usama, mtoto wa Zayd aliyekuwa mtumwa akaachwa huru, kwa ushauri wa Mtume (S.A.W.) mwenyewe. Habari hii imo katika Sahihi Muslim.

Mtoro naye aliionja dharau ya rangi. Alimwoa Mjerumani mwaka 1904. Mwaka 1905 akaacha kufundisha Berlin kwa dharau za wanafunzi, kisha serikali ya kikoloni ikamzuia kushuka pwani ya kwao akiwa na mkewe. Uungwana wake haukumfaa kitu mbele ya Wajerumani.

Sheria ya utumwa ilifutwa Tanganyika mwaka 1922, lakini posa bado huvunjwa kwa kunong'onezana, "Babu yake alikuwa wa nani?" Enyi maimamu, swali hilo likifika kwenu, wasomesheni watu Suratul Hujurat, aya ya 13, kisha ulizeni dini na tabia ya mposaji.

Wabillahi tawfiq.