Ctrl+T Haikuhitajika Pale

Mlioitazama ile video ya mafunzo ya Photoshop kuhusu bango la A3 mnaijua sehemu ninayoisema. Mkufunzi anaburuta leya ya kichwa cha tangazo kutoka faili ya mtandaoni, anaidondosha kwenye bango, na maandishi yaliyokuwa yameujaza upana wote yanageuka sisimizi katikati ya uwanja mweupe. Paneli ya herufi iliyosoma 48 sasa inasoma 11.52. Anacheka, anailaumu programu kwa vituko vyake, anabonyeza Ctrl+T na kuvuta pembe hadi jicho lake liridhike. Hapo ndipo kazi ilipoharibika. Rangi, miongozo na nafasi kati ya picha na maneno vilikuwa safi kabisa, na sina la kuongeza juu yake. Lakini uamuzi ule wa kuvuta pembe ulikuwa kosa, tena kosa la mtu aliyeonyeshwa jibu akakataa kulisoma.

Maana 11.52 haikuwa kituko. Faili ya kwanza ilikuwa na rezolusheni ya pikseli 72 kwa inchi, bango lilikuwa na 300. Pointi ni sehemu moja ya 72 ya inchi, kwa hiyo kwenye faili ya 72 pointi moja ni pikseli moja, na herufi za pointi 48 zina ukubwa wa pikseli 48. Leya inapohamia faili nyingine, Photoshop hulinda pikseli zake, inchi haizijali. Pikseli 48 zilezile, zikipimwa kwenye faili ya 300, ni 48 mara 72 gawanya kwa 300. Fanyeni hesabu: 11.52. Herufi hazikupungua hata kidogo. Kilichobadilika ni uwanja zilimotua, kwani A3 ya rezolusheni hiyo ina upana wa pikseli 3508. Aliyeisoma namba angejua chanzo papo hapo, angeandika 48 kwenye paneli na kupata herufi za pikseli 200, zenye ukubwa kamili wa pointi 48 zikichapwa. Na kama bango ni la kusomwa kutoka ng'ambo ya barabara, angeandika 150. Kwa vyovyote, angekuwa ameamua mwenyewe.

Badala yake alivuta, na kuvuta kuna deni. Faili ya PSD haihifadhi ukubwa wa maandishi mahali pamoja. Kuna ukubwa wa fonti, na kando yake kuna vipimo vya mgeuzo vinavyosema leya nzima imekuzwa, imezungushwa au imesogezwa kiasi gani. Unapobonyeza Ctrl+T ukavuta, unagusa vile vipimo vya pili. Paneli inakuonyesha zao la viwili hivyo kana kwamba ni namba moja, nawe unaamini. Ukija kuchopoa maneno ndani ya leya hiyo na kuyabandika kwenye leya nyingine ambayo haikuvutwa, yanaweza kufika na ukubwa usiouelewa kabisa. Ndiyo maana dakika chache baadaye, mkufunzi aliponakili mstari wa tarehe, ulitokea na ukubwa usiotarajiwa, naye akabonyeza Ctrl+T tena! Kosa la kwanza lilizaa la pili, na la pili likatibiwa kwa sumu ileile.

Tena alivuta huku ameshikilia Shift, kwa mazoea ya zamani. Nimekwisha kulalamika kuhusu jambo hili na nitaendelea kulalamika: tangu toleo la CC 2019, kuvuta pembe bila Shift ndiko kunakolinda uwiano, na Shift ndiyo inayouvunja. Adobe waligeuza desturi ya miaka mingi, kisha wakaacha kwenye mapendeleo kisanduku cha kurudisha ya zamani, kama mtu anayejua amekosea ila hataki kusema. Tazameni tena herufi O kwenye bango lile. Imenenepa.

Wapo watakaosema jicho ndilo hakimu, na kwamba maandishi ya Photoshop hayafifii yakikuzwa kwa sababu si pikseli bado. La pili ni kweli, wala sikudai yamefifia. La kwanza linatosha kwa bango moja litakalofutwa kesho. Halitoshi pale ambapo vichwa vitatu vinapaswa kulingana, au pale faili inapokwenda kwa mtu mwingine anayekuta 133.67 hapa na 131.2 pale, asijue ipi ilikusudiwa. Wengine watasema lawama ni ya programu, si ya mkufunzi. Sehemu yake ni ya programu, nakubali: paneli ingetakiwa kuonyesha kwamba leya imekuzwa. Lakini namba ya kwanza, ile 11.52, haikufichwa.

Wapanga herufi za risasi hawakuwa na pembe ya kuvuta. Aliyetaka 48 alikwenda kwenye kasha la 48. Na jozi hii ya 72 na 300 si mpya: skrini ya Macintosh ya 1984 ilikuwa na nukta 72 kwa inchi, na printa ya LaserWriter ya 1985 ilichapa nukta 300. PageMaker, programu ya kupanga kurasa, ilikaa katikati yake bila kumsumbua mtu, kwa sababu ukubwa wa herufi ulikuwa kipimo cha karatasi tangu mwanzo hadi mwisho. Photoshop ilizaliwa kwa ajili ya picha, ikaazima pointi kutoka kwa wachapaji, ikaziweka juu ya pikseli.

Basi maandishi yakibadilika ukubwa mkiyabandika, acheni kipanya. Fungueni dirisha la ukubwa wa picha katika faili zote mbili na mlinganishe rezolusheni. Kazi ikiwa ni ya simu tu, wekeni kipimo cha herufi kuwa pikseli kwenye mapendeleo, na muache kuandika 300 kwenye tangazo la WhatsApp, simu haiisomi. Mkihitaji maneno tu, bandikeni bila umbizo ndani ya leya mpya iliyokwisha kupangiwa ukubwa. Leya iliyokwisha kuvutwa ifuteni na muiandike upya.